Mlima Kwanza, Jani Baadaye: Historia ya Kuzitambua Senesio Kubwa za Afrika Mashariki

Jani moja la senesio kubwa ya Kilimanjaro haliingii kwenye karatasi ya hebaria. Karatasi hiyo, ambayo kwa vizazi vingi wataalamu wa mimea wameitumia kubandikia sampuli zilizokaushwa, ina urefu wa sentimita 42 hivi na upana wa sentimita 27, ilhali jani la mmea huu hupita nusu mita na shada lake la maua huweza kufikia mita nzima. Shina ni gogo nene lenye moyo laini uliojaa maji, nalo huinuka mita 5 au 6, wakati mwingine zaidi. Msafiri wa karne ya 19 aliyetaka kuupeleka mmea huu London au Berlin hakuwa na budi kuukata vipande: nusu ya jani, vitawi vichache vya maua, na maelezo ya mistari miwili mitatu. Kimo chake, umbo la shina, majani makavu yaliyong'ang'ania au yaliyodondoka, bonde au mteremko ulipoota, vyote hivyo vilibaki mlimani. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilitawala mjadala wa karibu miaka mia moja kuhusu swali moja: senesio hizi ni za aina ngapi, na mtu atazitofautishaje? Maoni yangu, ambayo nitayatetea kwa ushahidi, ni kwamba swali hilo lilichelewa kupata jibu kwa sababu lilishikwa upande usio wake. Watu walitazama jani kwanza, na mlima wakaufanya kuwa anwani tu ya mahali sampuli ilipotoka. Ukifuata historia ya mimea hii hatua kwa hatua utaona kwamba ilipaswa kuwa kinyume.

Senesio ni mimea ya familia ya alizeti. Jenasi ya Senecio ina spishi zaidi ya 1,000 duniani, na miongoni mwake kuna magugu mengi mafupi yenye maua ya manjano. Huko Ulaya wafugaji wanayaogopa magugu ya kundi hili kwa kuwa yana sumu inayoharibu maini ya ng'ombe na farasi. Kuyatofautisha ni kazi ngumu hata kwa mtu aliye na kitabu mkononi, maana yanafanana sana, na baadhi yake huzaliana yenyewe kwa yenyewe yakatoa machotara. Lakini kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki na Kati jamaa za magugu hayo zimekuwa miti. Zinaota kuanzia sehemu za juu za misitu ya mlimani hadi karibu na mawe matupu na barafu, katika Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya, Nyandarua au Aberdare, vilima vya Cherangani, Elgon, Ruwenzori, Virunga, na milima ya mashariki mwa Kongo kama Kahuzi. Hazipatikani porini mahali pengine popote duniani. Kila mlima umezungukwa na nchi ya joto ambamo senesio hizi haziwezi kuishi, kwa hiyo kila kundi limefungiwa juu ya mlima wake.

Kumbukumbu ya kisayansi inaanza Kilimanjaro. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa kwa miezi kadhaa kwenye miteremko ya mlima huo, kwanza katika nchi ya Moshi chini ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Alikusanya wanyama na mimea kadiri alivyoweza, na mizigo yake ikarudi pwani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Nawataja wapagazi hao kwa makusudi, kwa sababu lebo ya sampuli hubeba jina la mkusanyaji peke yake, wakati bila watu waliobeba karatasi kavu mvuani na mitoni pasingekuwa na lebo yoyote ya kusoma. Mimea ilifika bustani ya Kew karibu na London, ambako Daniel Oliver aliichambua, na mwaka 1887 akachapisha jina Senecio johnstonii. Hiyo ilikuwa senesio kubwa ya kwanza ya milima yetu kupata jina la Kilatini. Oliver hakuwahi kuuona mlima, na alichokuwa nacho mezani kilikuwa ni vipande. Hata hivyo jina lake lilikuwa halali, na kwa mujibu wa kanuni za wataalamu wa mimea, kila aliyekuja baadaye alilazimika kujiuliza kama mmea aliouokota ni johnstonii au si johnstonii. Jina la kwanza likawa kipimo cha mengine yote, ingawa lilisimama juu ya ushahidi mwembamba.

Miaka michache baadaye zamu ilikuwa ya Mlima Kenya. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory aliupanda hadi kwenye barafu zake, na katika mimea aliyorudi nayo mlikuwamo senesio ambayo Edmund Baker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza aliiita Senecio keniensis mwaka 1894. Karibu miaka thelathini ikapita. Kisha ndugu wawili wa Kiswidi, Robert na Thore Fries, wakafanya kazi mlimani humo mwaka 1921 na 1922, si kwa kupita njia bali kwa kukaa na kutazama. Mwaka 1922 walichapisha majina mawili: Senecio keniodendron kwa ule mti mrefu wa miteremko ya juu, na Senecio brassica kwa mmea mfupi wa mabonde yenye majimaji, unaolala chini kwa duara la majani mapana kama kabeji. Walieleza kimo, mashina na mazingira, mambo ambayo karatasi ya hebaria haiwezi kuyaeleza. Lakini baadaye ilibainika kwamba ile "kabeji" yao ndiyo ileile Baker aliyokwisha kuipa jina kutokana na vipande vya Gregory, na kwa kuwa jina la kwanza ndilo lenye haki, leo mmea huo unaitwa keniensis. Wachunguzi wawili waliouona ukiwa hai mbele ya macho yao hawakuutambua katika maelezo ya mtu aliyeuona umekauka. Sidhani kama ulikuwa uzembe wa upande wowote. Kipande cha jani kilikuwa kimepoteza karibu kila alama ambayo ndugu wa Fries walizitumia kuutambulisha mmea wao.

Alama zenyewe ni hizi, na Mlima Kenya ni mahali pazuri pa kuzijifunza kwa kuwa spishi tatu zinaishi humo. Chini kabisa, mwishoni mwa msitu na kwenye vichaka vya erika vyenye unyevu, kuna ile iitwayo battiscombei, iliyopewa jina la Edward Battiscombe, ofisa wa misitu wa Kenya enzi za ukoloni. Ni mti wenye matawi ambao shina lake huwa limevua majani yaliyokufa. Juu yake, kwenye ardhi tambarare yenye maji yanayoganda usiku, kuna keniensis, fupi, shina lake likitambaa na kutia mizizi kwenye udongo mweusi, na upande wa chini wa jani umefunikwa na pamba nyeupe nzito unayoweza kuikwangua kwa kidole. Juu zaidi, kwenye miteremko isiyotuamisha maji na kuelekea mita 4,500, kuna keniodendron, mti mrefu uliovaa majani yake ya zamani yote, yaliyokauka na kuning'inia toka kwenye taji hadi karibu na ardhi. Mtu akisimama kati ya bonde na mteremko anaweza kuona mbili za mwisho kwa mtazamo mmoja wala hatazichanganya. Kwa hiyo ndani ya mlima mmoja macho yanatosha. Tatizo linaanza mtu anapouacha Mlima Kenya akaenda Elgon au Ruwenzori akiwa na picha ya keniodendron kichwani.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kila msafara ulirudi na senesio yake. Mjerumani Johannes Mildbraed alitoa jina Senecio kilimanjari mwaka 1922. A. D. Cotton wa Kew aliikusanya senesio ya juu kabisa ya Kilimanjaro, na mwaka 1930 wenzake Hutchinson na Taylor wakaiita cottonii. Mbelgiji Lucien Hauman, aliyekuwa kwenye msafara wa Ruwenzori mwaka 1932, alichapisha mwaka 1935 uchambuzi mzima wa senesio za miti za Kongo. Robert Fries, ambaye miaka ya 1911 na 1912 alisafiri katika msafara ulioongozwa na Eric von Rosen, aliliingiza jina la kiongozi wake katika erici-rosenii ya milima ya magharibi. Orodha ikawa ndefu. Tofauti zilizotumika ni umbo la ncha ya jani, wingi wa pamba, upana wa kikonyo, kuwapo au kutokuwapo kwa vipetali vya pembeni kwenye ua, na kama shina limevaa majani makavu au liko wazi. Nyingi kati ya alama hizo ni za kweli. Lakini hakuna aliyekuwa na njia ya kujua ipi inaonyesha ukoo na ipi inaonyesha maisha tu, yaani baridi, unyevu na umri wa mti aliokutana nao mkusanyaji siku ile.

Mtu aliyejaribu kuliweka sawa jambo hili kwa miguu yake mwenyewe alikuwa Mswidi Olov Hedberg. Mwaka 1948 alipanda milima mingi ya Afrika Mashariki, mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo hakuna mtaalamu wa mimea aliyekuwa amelifanya kwa utaratibu kama wake, na mwaka 1957 akachapisha orodha ya mimea ya ukanda wa juu wa milima hiyo. Alionyesha jinsi mimea ya huko inavyopambana na hali isiyo ya kawaida: jua kali mchana na baridi ya kugandisha usiku, karibu kila siku ya mwaka, bila majira ya kupumzika. Kwake senesio kubwa zilikuwa kundi moja ndani ya Senecio. Baada yake ukaja mtazamo wa kuunganisha. David Mabberley, mwaka 1973, aliona kwamba kati ya spishi nyingi zilizoandikwa kuna maumbo ya katikati yanayoziunganisha, akalipanua jina la Oliver hata likafunika senesio za karibu kila mlima: ile ya Elgon, ya Cherangani, ya Ruwenzori, cottonii ya Kilimanjaro, battiscombei, zote zikawa nususpishi za Senecio johnstonii. Miaka mitano baadaye Bertil Nordenstam akaliondoa kundi zima katika Senecio na kulifanya jenasi ya pekee, Dendrosenecio. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970 mtu angeweza kukuta mti mmoja wa Elgon ukiitwa spishi kamili katika kitabu kimoja na tawi la mmea wa Kilimanjaro katika kingine, na vitabu vyote viwili viliandikwa na watu makini.

Uamuzi wa Mabberley haukuwa wa ovyo. Ukiweka pamoja sampuli za milima yote, kweli zinafuatana bila pengo kubwa, na mtaalamu wa uainishaji hana haki ya kutengeneza mpaka ambao mimea yenyewe haiuonyeshi. Ninachokipinga ni hatua iliyofuata, ya kudhani kwamba mfanano huo ni undugu. Juu ya mita 4,000 kila mlima una ukatili uleule. Chipukizi lililo katikati ya taji la majani likiganda, tawi zima limekwisha, kwa hiyo majani hujifunga usiku na kulihifadhi. Maji yaliyo katika moyo wa shina yakiganda, asubuhi jua linapochoma majani hayawezi kupata cha kunywa, kwa hiyo majani yaliyokufa yanabaki yameshikamana na shina na kulikinga. Mmea wa msituni hauna shida hiyo, nao huyaacha majani yake yaanguke. Basi mti wa juu wa Kilimanjaro na mti wa juu wa Elgon huonekana kama pacha, wakati yawezekana hawakuwahi kuwa na mama mmoja wa karibu. Watu wawili waliovaa makoti mazito kwa ajili ya baridi hawawi ndugu kwa sababu ya makoti.

Kulikuwa na tumaini kwamba kromosomu zingeamua. Huko Uingereza ziliamua vizuri sana. Spishi iitwayo Senecio squalidus, ambayo asili yake ni machotara ya mlima Etna huko Sicily, ilitoroka kutoka bustani ya Oxford, ikasambaa kwa kufuata kokoto za reli katika karne ya 19, ikakutana na gugu la siku zote la nchi hiyo, Senecio vulgaris. Mwaka 1948 mmea mgeni ulionekana huko Wales kaskazini, na mwaka 1955 ukapewa jina Senecio cambrensis. Ulifanana na wazazi wake wote wawili kiasi cha kumchanganya mtu yeyote, lakini hesabu ilimaliza ubishi: squalidus ina kromosomu 20, vulgaris 40, na cambrensis 60, yaani jumla kamili ya wazazi wake. Kwenye milima yetu, Eric Knox na mwenzake Robert Kowal walipohesabu na kuchapisha matokeo mwaka 1993, senesio kubwa zilionyesha idadi moja tu, 100. Ongezeko lile kubwa la kromosomu lilitokea kabla kundi halijatawanyika, na baada ya hapo hakuna kilichobadilika. Kipimo kilichowatenganisha ndugu wa Ulaya kilikuwa bubu hapa.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1995. Knox na Jeffrey Palmer walichunguza DNA ya kloroplasti, yaani vile viungo vya kijani ndani ya seli, kutoka katika spishi zote 11 walizozikubali, mlima kwa mlima. Tofauti walizozikuta zilikuwa ndogo mno, ishara kwamba kundi zima ni changa. Walikadiria kwamba lilianza kama miaka milioni moja iliyopita, likawa na makao yake ya kwanza Kilimanjaro na kutoka huko likaenea kwenye milima mingine, mbegu zake nyepesi zenye nywele zikichukuliwa na upepo. Lakini kilichonigusa zaidi katika kazi yao ni mpangilio wa undugu. Senesio za mlima mmoja, ya msituni na ya juu, mara nyingi zilikuwa karibu zaidi kuliko senesio za juu za milima miwili. Maana yake ni kwamba mlima ulifikiwa, kisha ndani ya mlima huohuo kundi likagawanyika kwa kimo, moja likibaki juu na lingine chini, na jambo hilo likarudiwa mlima baada ya mlima. Zile alama za jani na shina zilizokuwa zikitumika kuunganisha milima ni zilezile zilizozuka upya kila mahali. Kwa msomaji aliyefuata hadithi hii tangu Oliver, hapo ndipo jani linapoteza cheo chake cha kuwa shahidi wa kwanza. Linabaki shahidi wa pili, na shahidi mzuri, lakini tu baada ya kujua umesimama mlima gani.

Kuna pingamizi ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba hoja hii inazunguka: ukiupa mmea jina kwa sababu ya mlima wake, kisha ukasema kila mlima una spishi yake, umethibitisha tu kile ulichokwisha kukiamua. Pingamizi hiyo ingekuwa na nguvu kama mlima ungekuwa ushahidi pekee. Lakini mpangilio wa kloroplasti haukutumia majina wala ramani. Ulitoka katika maabara ukiwa mti wa ukoo, na ndipo ukawekwa juu ya ramani ukakutwa unalingana nayo kwa kiasi kikubwa. Isitoshe, mlima wenyewe si jibu la mwisho. Mlima unapunguza uwezekano hadi spishi mbili tatu, kisha kimo, shina na pamba ya jani vinamaliza kazi, kama tulivyoona kwa spishi tatu za Mlima Kenya.

Ya pili ni nzito zaidi. Katika mimea mingi ya maua kloroplasti hurithiwa kwa upande wa mama tu, kwa njia ya mbegu. Senesio za mlima mmoja zikizaliana, spishi moja inaweza kuchukua kloroplasti ya jirani yake huku mwili wake wote ukibaki vilevile, na mti wa ukoo utakaochorwa utaonyesha ujirani badala ya undugu. Na kuzaliana huko si jambo la kudhania: kwenye Mlima Kenya machotara ya keniensis na keniodendron yanaonekana mahali bonde linapokutana na mteremko. Hapa utafiti wa mwaka 2020, ulioongozwa na Felly Mugizi Tusiime wa Uganda, ulikuwa na umuhimu wa pekee, kwa kuwa alama zake zilichukuliwa kutoka sehemu nyingi za DNA ya mmea na si kloroplasti peke yake, tena zikalinganishwa na vipimo vya maumbo. Matokeo yalikubali jambo la msingi: mfanano wa mimea ya kimo kimoja umetokana na kuzoea mazingira yanayofanana, kila kundi kivyake. Lakini yalionyesha pia kwamba tofauti za kijenetiki kati ya makundi ni za juujuu, na kwamba milima imekuwa ikibadilishana damu baada ya kutengana. Hilo linanilazimisha kupunguza ukali wa dai langu. Mlima ni mwongozo wa kwanza, lakini ukuta wake una matundu, na sioni sababu ya kuichukulia namba 11 kama namba ya mwisho.

Matundu hayo yanaonekana hata bila maabara. Keniodendron inaota Mlima Kenya na pia Nyandarua. Battiscombei vilevile. Erici-rosenii iko Ruwenzori, Virunga na milima jirani ya Kongo. Atakayesema kwamba hizo zinaivunja kanuni ya mlima kwanza atakuwa amesahau kutazama umbali. Nyandarua na Mlima Kenya ni majirani, na katika vipindi vya barafu vya zamani, mikanda ya mimea ya mlimani iliposhuka mamia ya mita kuelekea tambarare, safari ya mbegu kati yao ilikuwa fupi zaidi kuliko leo. Spishi zinazoishi kwenye mlima zaidi ya mmoja ziko pale ambapo milima imekaribiana, si mahali popote kwa bahati. Hakuna spishi moja iliyokubaliwa leo ambayo iko Kilimanjaro na Ruwenzori kwa pamoja, na kinyume cha hilo ndicho ambacho jina pana la johnstonii lilikuwa likituambia kwa miaka mingi.

Pingamizi ya tatu hutoka kwa mtu asiye na subira na majina: kama tofauti ni za juujuu na mimea inazaliana, kwa nini isiwe spishi moja tu yenye sura nyingi? Jibu liko tena pale bondeni Mlima Kenya. Keniensis na keniodendron zimeishi hatua chache moja kutoka kwa nyingine kwa muda mrefu sana, poleni ikipita kati yao, machotara yakizaliwa, na bado kila moja inabaki ilivyo, moja kwenye majimaji na nyingine kwenye mteremko. Kama zingekuwa kitu kimoja, kuzaliana kwa karne nyingi kungekuwa kumeshazififisha. Kuzaliana mara kwa mara hakufuti mpaka ikiwa mazingira yanawaadhibu machotara kila kizazi, na mmea uliozaliwa nusu kwa ajili ya tope na nusu kwa ajili ya mteremko hauna mahali pake hasa. Wale wa Uingereza, kwa upande wao, walipata mpaka wa ghafla kwa kromosomu kujizidisha. Zipo njia zaidi ya moja za kuwa spishi, na kosa la karne nzima lilikuwa kudai kwamba senesio za milimani zionyeshe mpaka wa aina moja tu, ule unaoonekana kwenye karatasi.

Ubishi huu una uzito nje ya makumbusho. Vilima vya Cherangani vinaishia chini kidogo ya mita 3,600, na senesio yake, cheranganiensis, inaota kwenye mabonde yenye maji ambayo pia ni malisho na vyanzo vya mito. Meru ina meruensis, ambayo haipo kwingine. Ukizihesabu zote mbili kuwa johnstonii tu, kupotea kwake hakutaonekana kwenye orodha yoyote, kwa kuwa johnstonii itaendelea kusitawi Kilimanjaro. Ukizihesabu kuwa zenyewe, basi Cherangani inabeba jukumu ambalo hakuna hifadhi nyingine inayoweza kulibeba kwa niaba yake, wala haina sehemu ya juu zaidi ambako mmea huo ungeweza kupanda joto likiongezeka. Kwa wanafunzi na walinzi wa hifadhi wanaopanda milima hii leo, kazi ambayo Oliver hakuweza kuifanya inawezekana kwa simu ya mkononi: picha ya mti mzima na si ua peke yake, picha ya upande wa chini wa jani, kimo kwa mita, na maelezo kama ardhi ni ya majimaji au ya mteremko mkavu, na kama shina limevaa majani makavu au liko wazi. Kila rekodi ya namna hiyo ya Cherangani au Meru ina thamani kubwa kwa atakayeipitia upya hesabu ile ya spishi 11, kwa sababu hebaria za Ulaya bado zimejaa vipande.